Kwenu wahudumu wapya: ulizeni jikoni kwanza

Wadogo zangu mnaoanza kazi ukumbini msimu huu hapa Boston, nawapenda, lakini wiki hii mmenitoa jasho. Mgeni anauliza chauda, ile supu nzito ya kombe, ina nini ndani, nasikia jibu linatoka haraka: "Kombe, viazi na maziwa tu." Hiyo "tu" ndiyo iliyonikosesha usingizi. Zamu za mazoezi mmeshapita na menyu mnaijua, kwa hiyo sitawafundisha kubeba trei.

1. Jua kilichomo chunguni kabla hujafungua mdomo. Chauda ya huku, kwa mapishi ya zamani, huanza na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Hukatwa vipande vidogo na kukaangwa mpaka iachie mafuta, ndipo vitunguu viingie, kisha viazi, kombe na maziwa. Ikifika mezani ni nyeupe, inanukia bahari, na mafuta yale hayaonekani tena. Zipo nyumba zilizobadili mapishi na zipo zilizobaki na yale ya mababu. Kwa kutazama bakuli hutajua.

Nilipokuwa mpya kama nyinyi, kwenye mkahawa mmoja mkongwe wa samaki hapa mjini, waliingia mzee na mkewe kutoka Unguja, wamekuja kumwona kijana wao anayesoma huku. Kiswahili chao nilikisikia kabla sijawaona. Nikawaamkia, mama akanishika mkono asiuachie. "Mwanetu, sisi vya huku hatuvijui, tuchagulie wewe." Mzee akauliza kama kuna chochote cha kuwatia mashaka. Nikamjibu hapa ni vya baharini vitupu, kuleni kwa amani. Nikawaletea chauda.

Mzee akapiga bismillahi, akala, akaisifu. Mama alipofika katikati ya bakuli, kijiko chake kikaibua kipande cheupe chenye ukingo wa waridi, kidogo kama punje ya hindi. Akaniita: "Mwanangu, hii nini?" Nikaenda kuuliza dirishani. Mpishi alinitajia bila kugeuka, maana kwake ni jambo la kila siku. Kutoka pale hadi meza yao ni hatua chache. Nilitembea nikitafuta namna ya kulisema, nikaikosa, nikasema kama lilivyo.

Mzee aliweka kijiko chini. Hakupaza sauti. Alisema, "Basi, sisi hatukujua," akainuka kwenda kusukutua mdomo. Mama ndiye aliyebaki akinituliza mimi, na hapo ndipo nilipoumia zaidi, kwa kuwa wao walitimiza wajibu wao: waliuliza. Hawakula kitu kingine. Kwa mhudumu mgeni wangeuliza mara tatu. Kwangu waliuliza mara moja, kwa sababu waliniona mtoto wa nyumbani. Ningesema tu "subirini kidogo nikaulize jikoni," ingenichukua dakika moja.

Kwa hiyo nikiwakuta mnakisia mbele ya mgeni, nitawakatiza papo hapo, na mtanisamehe. Kome hupikwa kwa divai nyeupe. Unga wa samaki wa kukaanga mara nyingi hukorogwa na bia. Ulizeni kila msimu, hasa mpishi akibadilika.

2. Mzio. Kama viazi na kamba vinakaangwa kwenye mafuta yale yale, mwenye mzio wa kamba asiviguse viazi hivyo. Andika kwenye oda, kisha mwambie mpishi kwa mdomo.

3. Lebo ya gunia la chaza haitupwi na takataka. Gunia likiisha, andika tarehe kwenye lebo na uitunze siku 90, na magunia mawili yasichanganywe. Mtu akiugua, lebo hiyo ndiyo itakayowafikisha wakaguzi mpaka kwenye maji alikovunwa chaza yule. Chaza aliyeachama, ukimgonga asifunge, mtupe, hata kama ukumbi umefurika na msimamizi amekunja uso.

4. Kamba kochi wa bei ya siku: taja bei kwa sauti kabla mgeni hajaagiza. Wengi wanaona haya kuuliza, hasa wakiwa na wakwe. Na mkiwa na tangi ukumbini, waangalieni watoto. Niliwahi kumhudumia binti mdogo aliyempa kamba kochi jina wakati baba yake anasoma menyu. Familia nzima ikala samaki wa kuoka, na wakaondoka wameridhika sana.

5. Mtaulizwa Rais John F. Kennedy alikuwa akikaa meza gani akija kula. Alikuwa akikaa Union Oyster House, ghorofani, kibanda namba 18. Mkahawa huo ulifunguliwa mwaka 1826, na jengo lenyewe lilikuwapo kabla Marekani haijapata uhuru. Kwetu hakukaa, na mwenzenu mmoja Jumamosi amewaonyesha wageni meza namba 9 wakapiga nayo picha. Mtu akiishadanganywa kuhusu meza, atakuaminije ukimwambia chaza ni wa leo? Waelekezeni Union Street bila wivu. Kisha waambieni ya kweli ya kwetu: kaunta ile ya mbao imelika pembeni kwa viwiko vya walaji, na mfungua chaza wetu huchomeka kisu kwenye bawaba ya gamba, akakizungusha mara moja, akakata msuli chini bila kumwaga maji yake. Wakalisheni karibu naye.