Maswali ya wasomaji: Kipoza oili kwenye Subaru ya turbo iliyozeeka

Barua za mwezi huu zimeelekea upande mmoja: Forester na Impreza za turbo zenye injini ya EJ20, zilizokuja kutoka Japani zikiwa zimetumika, na wenyewe wanataka kuzifungia kipoza oili cha dukani. Tumezijibu pamoja kwa kuwa jibu la moja linasaidia nyingine.

Mafundi, salamu. Nina Forester ya turbo ya 2003, gia za mkono. Nikipanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru na abiria wanne na mizigo, mshale wa joto hautingishiki, lakini wenzangu wananiambia oili inaungua na turbo itakufa. Ninunue kipoza cha ukubwa gani? — Msomaji, Nakuru

Kwanza pima, ndugu. Mshale wa dashibodi ni wa maji, na maji yanaweza kutulia kwenye nyuzi 90 huku oili ikiwa imefika 125. Nunua geji ya joto la oili kabla ya kitu kingine chochote, kisha pita mlima uleule, na mzigo uleule, saa za mchana.

Oili ikikaa kati ya 90 na 110 kwenye mwinuko, injini yako haihitaji kipoza. Fedha hiyo iende kwenye oili nzuri na filta. Ikifika 115 au 120 na kushuka upesi ukimaliza kupanda, badilisha oili mapema zaidi kuliko ratiba. Ikipita 120 na kubaki huko, au ikigusa 130, hapo kipoza kina kazi ya kufanya. Oili ya moto kiasi hicho inakuwa nyepesi mno, utando wake kwenye beringi za konrodi unapungua, na EJ20 haijulikani kwa kuzivumilia beringi zilizokosa oili.

Wakati wa kufunga geji, iwe ya joto au ya presha, angalieni uzi wa sensa. Tundu la presha la Subaru lina uzi wa 1/8 BSPT (kipimo cha Uingereza), wenye nyuzi 28 kwa inchi. Sensa nyingi za dukani zina 1/8 NPT (kipimo cha Marekani), nyuzi 27 kwa inchi. Kwa mkono zinaingia mizunguko miwili mitatu kama vile zimepatana, kisha zinakaza. Bloku ni ya alumini, na fundi akiendelea kuvuta spana anaharibu uzi wa bloku au anaipasua kingo. Tafuta adapta sahihi.

Chunguza pia kama gari lako lina kipoza cha kiwandani. Baadhi ya EJ20 za turbo zina kopo dogo kati ya bloku na filta, lenye mipira miwili ya maji. Maji yanapasha oili asubuhi na kuipunguzia joto mlimani. Kama kipo na hakivuji, kiache: kwa matumizi ya barabarani kinatosha wengi wenu. Ukiamua kukiondoa, mipira yake ya maji iunganishwe moja kwa moja, na bolti ndefu ya katikati ibadilishwe kwa nipeli fupi ya filta. Hiyo nipeli ndiyo watu husahau kuagiza, gari likabaki juu ya jeki siku nzima.

Kuhusu ukubwa: kwa gari la barabarani linalopanda milima, kipoza chenye safu 13 na upana wa takriban milimita 235 kinatosha. Safu 19 ni za gari la mashindano, linalokaa kwenye resi ya juu muda wote. Kikubwa kupita mahitaji hakikuongezei usalama. Kinakuongezea oili baridi, uzito, na uso mpana wa kupigwa mawe.

Fundi wangu anasema thamostati ya oili ni kupoteza fedha kwa sababu huku kwetu hakuna theluji. Ni kweli? — Msomaji, Iringa

Si kweli, na kwako wewe wa nyanda za juu ndiyo kabisa. Oili inatakiwa ivuke nyuzi 80 ili unyevu na petroli vilivyopenya kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) viweze kuondoka kama mvuke. Bila thamostati, yaani vali inayoizuia oili kwenda kwenye kipoza mpaka ipate moto, safari ya dakika kumi na tano asubuhi ya Juni inaishia oili ikiwa kwenye 60. Baada ya wiki chache unafungua kifuniko cha oili na kukuta ute mweupe kama maziwa, unadhani gasketi ya silinda hedi imeungua, kumbe oili haijawahi kupata moto.

Nunua pleti ya sandwichi (bamba linalokaa kati ya bloku na filta) yenye thamostati ndani yake, inayofunguka kati ya 80 na 85. Ikiwa imefunga bado hupitisha oili kidogo kwenye kipoza, na ni makusudi: mipira inabaki imejaa, na thamostati ikifunguka injini haipokei ghafla oili baridi au hewa. Kwa hiyo ukigusa mpira asubuhi ukaukuta vuguvugu, usiseme thamostati imekwama.

Mafundi, nimenunua seti kamili ya kipoza. Nikiweka wapi kipoza, na je, naweza kutumia mpira wa haidroliki? Mipira iliyosukwa kwa waya ya kwenye mashindano ni ghali mno. — Msomaji, Thika

Tuanze na mahali. Forester na Impreza za turbo zina interkula juu ya injini, hivyo mbele ya rejeta kuna nafasi, ila kondensa ya AC imeshaikalia. Ukibandika kipoza katikati, kinaipa kondensa na rejeta hewa iliyokwisha pashwa moto. Sehemu tunayoipendelea ni nyuma ya bampa, kwenye uwazi wa chini au palipokaa taa ya ukungu upande mmoja, na njia ya hewa iliyotengenezwa kwa bati la alumini la milimita 1.5. Ziba mianya kwa sponji ili hewa isipite pembeni; hewa hufuata njia rahisi, na njia rahisi ni kukizunguka kipoza. Nyuma yake pia pawe na pa kutokea. Kipoza kilichobanwa mbele ya plastiki ya tairi hakipoi hata kikipulizwa, kwa hiyo kata dirisha kwenye hiyo plastiki.

Viungio vielekee juu. Vikielekea chini, hewa inanasa kwenye safu za juu na nusu ya kipoza haifanyi kazi. Kikilazwa kwa ubavu, oili iingie kwa chini na itoke kwa juu. Kifunge kwenye raba, kamwe si chuma kwa chuma, kwa sababu mtikisiko hupasua maungio ya alumini pembeni. Na kwa kuwa wengi wenu mnapita barabara za changarawe, weka mbele wavu wa chuma wa matundu ya milimita 6, na uuoshe matope. Jiwe moja likitoboa kipoza, sampo inamwagika kwa muda mfupi kuliko utakaoutumia kutafuta pa kuegesha. Taa ya oili ikiwaka, zima injini palepale, gari litaserereka lenyewe hadi pembeni.

Sasa mipira. Mpira wa haidroliki unaweza kutumika, kwa masharti. Presha si tatizo: oili baridi asubuhi inaweza kufika bar 6 au 7, na mpira wa haidroliki unabeba zaidi ya hapo mara nyingi. Tatizo ni joto. Mipira ya kawaida ya daraja la SAE 100R1 na 100R2 imepimwa hadi nyuzi 100, nawe unaipitishia oili ya 120. Inakuwa migumu, inapasuka kwa ndani, na vipande vinasafiri. Zipo za joto la juu zaidi, hadi 150. Mwambie muuzaji akuonyeshe maandishi yaliyopigwa kwenye mpira wenyewe, usikubali neno la mdomo. Kipimo kiwe inchi 5/8, na ncha zibanwe kwa mashine dukani. Kwa mipira ya mfumo wa AN (ile ya mashindano, inayopimwa kwa namba), kipimo kinacholingana ni namba 10.

Mpira wa hita na kilipu za kukaza kwa bisibisi, hapana. Tunasema hivyo bila masharti. Unachomoka asubuhi injini ikiwa baridi na presha iko juu, na kwenye EJ20 filta iko jirani na bomba la ekzosi. Oili juu ya ekzosi ya moto ni gari kuwaka. Kwa sababu hiyohiyo, kila mpira unaopita eneo hilo uvishwe soksi ya kuzuia joto, na uache ulegevu wa sentimita 3 au 4, maana injini hutikisika kwenye mauntini zake kila unapobadili gia.

Ukikata mpira wa waya mwenyewe, zungushia utepe imara, kata kwa msumeno wa meno madogo, kisha pitisha petroli na upulize hewa ndani mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Kwenye pleti nyingi oili hutoka kwa pampu, ikaenda kwenye kipoza, ndipo ikarudi kwenye filta, kwa hiyo filta ni kinga. Lakini oili ikiwa nzito asubuhi vali ya ndani ya filta hufunguka, na uchafu hupita bila kuchujwa. Usizungushie utepe mweupe wa mabomba wala silikoni kwenye viungio vya AN. Vinaziba kwa uso wa chuma, na nyuzi za utepe huishia kwenye tundu dogo la oili ya turbo.

Pleti yangu inavuja kati yake na bloku. Nimebadilisha oring (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) mara mbili. — Msomaji, Dar es Salaam

Toa bolti ya katikati uipime. Subaru hutumia M20 × 1.5. Toyota nyingi hutumia 3/4-16 UNF, na seti za dukani huja na bolti zote mbili kwenye mfuko mmoja. Ile ya inchi ina kipenyo cha milimita 19.05, basi inaingia kwenye tundu la milimita 20 ikiwa na mchezo, inakaza kidogo, na pleti haikai sawa. Ukiendelea kuikaza inakula uzi.

Kama bolti ni sahihi, angalia uso wa bloku: mabaki ya gasketi ya filta ya zamani hubaki yamebandika, na mikwaruzo ya bisibisi huvujisha. Angalia pia kama pleti imegusa kingo ya bloku upande mmoja. Oring ipakwe oili, na bolti ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa pleti. Filta yenyewe kwa mkono: gasketi ikigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko hadi mzunguko mmoja.

Baada ya kufunga kipoza, presha ya oili injini ikiwa imepata moto imeshuka. Je, kipoza kinaimeza? — Msomaji, Eldoret

Pima kiwango cha oili kwanza. Injini yako inachukua takriban lita 4 hadi 4.5, na mfumo mpya unataka zaidi. Kila mita ya mpira wa namba 10 inabeba karibu mililita 160. Kipoza chenyewe kijaze kwa jagi lenye alama kabla ya kukifunga, uandike kilichoingia. Namna ya kuwasha mara ya kwanza: jaza kipoza na filta, toa fyuzi ya pampu ya petroli, piga stata sekunde kumi, pumzisha, rudia mpaka geji ionyeshe presha. Rudisha fyuzi, washa, acha mpaka oili ivuke nyuzi 85 ili thamostati ifunguke, zima, subiri dakika tano, pima kwa dipstiki, ongeza.

Kiwango kikiwa sawa, tafuta mpira uliokunjika au mwembamba kuliko inavyotakiwa. Ukikosa, linganisha na kipimo cha EJ: oili ikiwa nyuzi 80, takriban bar 1 kwenye resi 600 (mizunguko ya injini kwa dakika) na bar 3 kwenye resi 5,000. Chini ya hapo, kipoza hakina hatia. Beringi zimelika, au bomba la kunyonyea oili ndani ya sampo limepasuka kwenye ungio lake. Ufa huo unajulikana sana kwenye EJ za turbo, na pampu hunyonya hewa badala ya oili. Fungua sampo ulitazame kabla ya kuendesha tena.

Nimepata kipoza kilichotumika, bei nzuri, kutoka injini iliyogonga. Nikisafishe na nini? — Msomaji, Mombasa

Usikisafishe, usikifunge. Injini iliyogonga hutawanya chembe za beringi, nazo hujikita kwenye mikunjo ya ndani ya kila safu, mahali ambapo petroli na hewa haziwezi kuzing'oa zote. Zitatoka baadaye, oili ikipata moto, ndani ya injini yako nzima. Hali ni ileile kwa kopo la kiwandani la injini iliyokufa: ukiweka injini nyingine, nunua jipya, na mipira ya oili ya zamani itupwe pamoja nalo.