Maswali ya walimu: kishikwambi, kundi la wazazi na kiswaswadu

Shikamoo mwalimu. Nafundisha Sayansi darasa la tano, wanafunzi 87. Nina kishikwambi, kimoja cha vile vya sensa ya 2022, lakini shule haina intaneti. Nikifanyie nini?

Marahaba. Anza nacho kama kamera. Otesha maharage kwenye kopo, liweke dirishani, na kila asubuhi mwanafunzi wa zamu apige picha akiwa amesimama palepale. Siku ya kumi pitisha kidole haraka juu ya picha hizo: mche unachomoza, unajikunja, unainuka. Darasani kwangu walidai kurudiwa mara sita, na mmoja ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha mkono akauliza kwa nini shina limeinamia dirishani. Somo la kesho likawa limejipanga lenyewe. Kwa 87, wape kwa makundi ya wanane. Wengine wachore mche kwenye daftari wakisubiri.

Intaneti itafute siku ukienda mjini. Kwa programu ya Kiwix unapakua Wikipedia ya Kiswahili, ukirudi unaisoma bila bando. Kolibri, programu ya masomo ya kusoma bila intaneti, nayo ni ya bure na ina menyu za Kiswahili. Ukiiweka kwenye kompyuta moja yenye ruta, vishikwambi vingine vinasoma humohumo.

Mwalimu mwenzangu, kundi letu la WhatsApp la wazazi limeharibika. Asubuhi ni "amkeni salama", mchana mtu anauza vitenge, taarifa ya kikao haionekani.

Ingia kwenye ruhusa za kundi, zuia wanakundi kutuma ujumbe, wabaki wasimamizi tu. Watanuna siku mbili. Mwenye swali akufuate pembeni, na wa vitenge afungue kundi lake (nitajiunga).

Lakini kuna kubwa kuliko vitenge: habari za mtoto mmoja hazikai hadharani. Niliwahi kubandika kundini orodha ya alama za darasa zima, nikajiona mchapakazi. Saa tano usiku mama mmoja akanipigia. Mwanawe alikuwa wa mwisho, na majirani watatu walikuwa wameshampa pole. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Siku hizi matokeo namtumia kila mzazi ya mwanawe tu. Isitoshe, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo hili si suala la aibu peke yake.

Nusu ya wazazi wangu wana viswaswadu. Hao nawafikiaje?

Kwa meseji ya kawaida, na iwe moja. Una herufi 160, usizimalize kwa salamu. Tanguliza shughuli, siku na saa: "Kikao Darasa la 4 Jumamosi tarehe 14 saa 3 asubuhi, chini ya mwembe. Njoo na daftari la Hisabati la mwanao." Mzazi asiyejua kusoma mpigie simu. Ukimtegemea mtoto amsomee, meseji inayosema "ametoroka shule" itasomwa "anaendelea vizuri".

Projekta tunayo, ila darasa halina mapazia, picha haionekani.

Hamia kwenye ukuta ulio mbali na madirisha, isogeze projekta karibu ili picha iwe ndogo na kali, tumia herufi kubwa nyeusi kwenye nyeupe. Ikigoma bado, chukua chaki, kipindi ni dakika 40 tu.