TARE: kontena, mizani na magugu

SWALI: Kwenye milango ya makontena tunayopakua hapa Mombasa pameandikwa TARE na idadi ya kilo. Mizani ya jikoni nyumbani ina kitufe chenye neno hilohilo. Tena kwenye Biblia ya zamani ya Kiingereza nimekuta "tares", nikaambiwa ni magugu. Je, ni neno moja?
Karani wa ghala, Mombasa

JIBU: La, ni maneno tofauti yaliyokutana kwenye tahajia.

La kontena na la mizani ni moja, lenye asili ya Kiarabu: tarha, kitu cha kutupwa kando, kutokana na taraha, yaani kutupa. Waitalia walilifanya tara, Wafaransa tare, na Waingereza wakalipokea katika karne ya 15. Ni uzito wa chombo kitupu: mnunuzi halipii pipa wala gunia, kwa hiyo uzito wake hutolewa.

Tuseme mlangoni umesoma MAX GROSS (uzito wa juu kabisa wa kontena pamoja na mzigo) 30,480 KG na TARE 2,200 KG. Toa, utapata 28,280: hicho ndicho kikomo cha mzigo, pamoja na paleti na mbao za kukazia. Wengi hukosea kwa kudhani 30,480 ni mzigo peke yake. Tangu Julai 1, 2016, kontena halipakiwi melini bila uzito wake kamili kuthibitishwa. Ukipima mzigo kipande kipande, jumlisha na TARE ya kontena hilohilo. Usiazime ya jirani yake. Hata yakilingana urefu, uzito hutofautiana.

Jikoni, weka bakuli, acha namba itulie, bonyeza kitufe, isome 0, ndipo umimine unga. Ukiondoa bakuli la gramu 350 itasoma -350, na mizani haijaharibika. Ila bakuli bado linakula nafasi: mizani ya kilo 5 iliyobeba bakuli la kilo 1 itakupimia kilo 4 tu.

Magugu ya Mathayo 13:25, katika tafsiri ya mwaka 1611, ni neno jingine kabisa. Kwa Kiingereza lilikuwa kwanza jina la mbegu ya mmea wa jamii ya kunde. Lakini mmea unaodhaniwa kukusudiwa na Kigiriki, zizania, ni nyasi inayofanana mno na ngano mpaka masuke yatoke. Mwenye shamba katika mfano huo alikataza kuyang'oa mapema, ngano isije ikang'olewa pamoja nayo.

Na ukifika Marko 9:20 katika tafsiri hiyohiyo utakuta "tare him". Hapo si uzito wala mmea. Ni wakati uliopita, wa kizamani, wa kitenzi cha kurarua.