Kiwanja cha udongo wa mbuga: je, mchanga na nondo vinatosha?

SWALI: Ndugu Mhandisi, nimenunua kiwanja pembeni mwa mji wa Rujewa, wilayani Mbarali. Kiangazi ardhi yake hupasuka hadi rula nzima ya shule huzama kwenye ufa, na masika udongo uleule hunata kwenye jembe. Fundi ananishauri nijaze mchanga chini ya msingi, kisha niongeze nondo. Je, inatosha?

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba mchanga huo usiumwage. Udongo mweusi wa mbuga za Usangu hunyonya maji ukavimba, kisha husinyaa unapokauka; kinachopasua nyumba hapo ni kubadilikabadilika kwa unyevu, kuliko uzito wa nyumba yenyewe. Mchanga hupitisha maji, hivyo mtaro wa msingi uliojazwa mchanga katikati ya udongo wa mfinyanzi hugeuka birika la maji, na udongo wa pembeni huyanywa taratibu mpaka ukainua kona moja ya nyumba na kuiacha nyingine chini. Nondo husaidia, lakini hazizuii udongo kuvimba.

Pima kwanza. Twanga udongo mkavu, uchekeche, kisha mimina mililita 10 polepole kwenye silinda ya kupimia (chombo chenye alama za mililita) yenye mililita 100 za maji, uuache hadi kesho yake. Udongo uliotuama ukifika alama ya mililita 15, umevimba kwa asilimia 50 na unadai tahadhari; ukifika 20 au zaidi, usijenge bila mchoro wa mhandisi. Chimba pia shimo la majaribio uone tabaka jeusi linaishia wapi.

Likiwa la kina kifupi, liondoe lote, hata nje kidogo ya mstari wa kuta, ujaze moramu iliyoloweshwa kiasi na kushindiliwa kwa tabaka za milimita 150. Likiwa la kina kirefu, kuna njia ya kuchanganya chokaa, mara nyingi asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu, au kujenga juu ya jamvi la zege lenye nondo, yaani bamba moja linalobeba nyumba nzima. Uchaguzi huo aufanye mhandisi baada ya vipimo vya maabara.

Maji ya paa yapelekwe mbali kwa mifereji, na kuzunguka nyumba weka sakafu ya zege yenye mteremko, upana wa mita 1.5. Mikaratusi, ambayo wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini tunaipenda, usiipande karibu na ukuta, kwa maana mizizi yake huukausha udongo upande mmoja tu. Kazi ya msingi ikamilike kabla ya mvua za Novemba na Desemba, na mtaro ukishachimbwa, mwaga zege jembamba la chini siku hiyohiyo, kwa sababu sakafu ya mtaro ikipigwa na jua hupasuka, na ikinyeshewa huvimba kabla hata tofali la kwanza halijawekwa.