Jibu: Ruzuku ya mitaro, Malindi – tuanzie wapi?

Salaam ndugu. Umesema maji ya masika yanalala Maweni siku nyingi, na barua ya kikundi chenu ya kuomba ruzuku haijajibiwa. Haishangazi. Ruzuku ya miji ya KUSP (programu ya Kenya ya kusaidia miji) haipewi vikundi. Hutoka serikali kuu, ikapitia kaunti ya Kilifi hadi manispaa. Mitaro ya maji ya mvua imo katika kazi zinazoruhusiwa, lakini lazima mradi uwe kwenye mpango wa maendeleo.

Kwanza fuateni maji yanakoishia. Sisi tulifunua kifuniko cha mtaro tukakuta mchanga na chupa hadi juu. Hiyo ni kazi ya kuzibua, si ya ruzuku, na aliyetuahidi "mradi mkubwa" alinyamaza ghafla. Kama mtaro hauna pa kutokea, hapo mna hoja. Mvua ikikatika, pigeni mstari wa mkaa ukutani maji yalipofika, kisha picha na mlango uonekane.

Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa bunge la kaunti si baada ya Septemba 1, kwa hiyo pelekeni hoja mapema, kwa maandishi, nakala igongwe muhuri. Na ulizieni matengenezo. Mtaro mpya bila wa kuuzibua hujaa tena.