Swali la Lugha: Diski ina ujazo au ina msongamano?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninatafsiri makala ya sayansi kuhusu utafiti wa kuhifadhi data nyingi mahali padogo, kwenye diski za sumaku na kwenye zile za aina ya sidii na dividii. Niliandika "diski yenye ujazo mkubwa". Mhariri wangu akafuta "ujazo" akaweka "msongamano". Mimi naona msongamano ni wa magari, na kwa vyovyote maana ni ileile. Pili, yeye huziita sidii "diski za macho", nami nasita. Mwisho, kichwa cha makala tumekiandika "Teknolojia ya uhifadhi wa data yenye msongamano mkubwa". Kimekaa sawa?

JIBU: Marahaba. Katika la kwanza mhariri wako amepatia. Katika la pili amekosea. Kwenye kichwa cha makala mmeteleza wote wawili.

Neno "ujazo" limetoka kwenye kitenzi "jaza" na halijaenda mbali na mzazi wake: linaeleza chombo kinachukua kiasi gani hadi kijae. Ndoo ina ujazo wa lita 20, memori kadi ina ujazo wa GB 64. Hapo hakuna kosa lolote, na anayelalamika kwamba simu yake imejaa yuko kwenye ukoo huohuo wa maneno. "Msongamano" una asili nyingine: songa, songana, songamana. Kile kipande cha "-mana" huonyesha vitu vilivyokutana vikabaki katika hali hiyo, kama tunavyosema shikamana na fungamana. Kitu kimoja hakisongamani. Ukitaja msongamano, sharti viwepo vitu vingi, na sharti iwepo nafasi vinayoigawana. Ndiyo sababu kipimo chake huwa na pande mbili: biti (vile vipande vidogo kabisa vya data) ngapi, kwa kila inchi ya mraba.

Sasa tazama namna wahandisi wenyewe wanavyohitaji maneno hayo mawili yakae mbalimbali. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski za sumaku. Ilikuwa na diski 50, kila moja ina kipenyo cha inchi 24, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5. Kwa siku zile huo ulikuwa ujazo wa kujivunia. Lakini msongamano ulikuwa biti 2,000 hivi kwa inchi ya mraba, na leo katika eneo hilohilo huingia zaidi ya biti trilioni moja. Ujazo wa RAMAC ulitokana na wingi wa sahani zake, yaani zile diski 50, si na kubanana kwa biti.

Mfano wa karibuni unaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Mwaka 2013 kampuni ya HGST ilianza kuuza diski zilizojazwa gesi ya heliamu badala ya hewa. Heliamu ni nyepesi, hivyo sahani huzunguka bila kutikiswa sana, na unaweza kuzifanya nyembamba na kuzipanga kwa ukaribu. Kasha lililokuwa likibeba sahani 5 likabeba 7, na ujazo ukapanda kutoka terabaiti 4 hadi 6. Msongamano kwenye uso wa kila sahani haukubadilika sana. Sasa mtafsiri aliyetumia "ujazo" kwa kila kitu ataiandikaje habari hii? Atalazimika kusema ujazo uliongezeka lakini ujazo haukuongezeka sana, na msomaji atadhani kuna mstari uliorukwa.

Kuna ushahidi mwingine, nao umo katika shida ya utafiti wenyewe. Ili biti zisongamane zaidi, chembe za sumaku zinazozibeba lazima zipungue ukubwa. Zikipungua kupita kiasi, joto la kawaida tu la chumbani linatosha kuzigeuza mwelekeo, na kilichoandikwa kinafutika chenyewe. Ukuta huo ni wa msongamano. Ujazo hauujui, kwa kuwa ujazo unaweza kuuongeza hata kwa kununua diski ya pili. Shun-ichi Iwasaki wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, alipopendekeza katika miaka ya 1970 kwamba usumaku wa biti usimamishwe wima badala ya kulazwa kwenye uso wa diski, alikuwa anapambana na msongamano: biti zilizolala, ncha zao zinazofanana hutazamana na kusukumana, na kadiri zinavyokaribiana ndivyo zinavyodhoofishana. Toshiba ilileta sokoni diski za namna hiyo mwaka 2005.

Kuhusu magari, usiogope. Neno halichafuki kwa kutumika barabarani, na kwa Dar es Salaam watu wengi husema foleni hata hivyo. La muhimu ni kutaja kinachosongamana. "Diski yenye msongamano mkubwa" peke yake inaning'inia. "Msongamano wa data" au "msongamano wa biti" inatua. Wapo pia wanaoandika "wingi wa data", lakini wingi haujali eneo. Na mtego mmoja mdogo: kwenye hesabu, ujazo ni kipimo cha pande tatu, ndiyo maana tuna mita za mraba na mita za ujazo. Diski huandikwa juu ya uso, kwa hiyo eneo ndilo linalohesabiwa. Ukija kutafsiri kuhusu watafiti wa Southampton, Uingereza, wanaochora data kwa leza ndani ya kipande cha kioo, tabaka chini ya tabaka, hapo utaruhusiwa kusema msongamano kwa kila milimita ya ujazo, na maneno yote mawili yatakaa katika sentensi moja bila kugombana.

Nije kwenye kichwa cha makala. Kiswahili kimewapa upatanisho wa ngeli, nanyi hamkuutumia. "Teknolojia ya uhifadhi wa data yenye msongamano mkubwa": hiyo "yenye" inashika nini? Teknolojia ni ya ngeli ya I-/ZI-, na data pia wengi huipatanisha hivyo. Msomaji anaweza kuelewa kwamba teknolojia ndiyo iliyosongamana, jambo lisilo na maana. Mkiandika "zenye", mmeshika data, na maana inaanza kueleweka. Mkiandika "wenye", mmeshika uhifadhi, nao ndio ulio karibu zaidi na kusudi la makala. Herufi moja au mbili mwanzoni mwa neno zinaamua nani anasifiwa. Binafsi ningeliepuka lote, niseme "uhifadhi wa data kwa msongamano mkubwa", maana "kwa" inaeleza namna jambo linavyofanyika na haina mgogoro na ngeli yoyote.

Sasa hayo macho. Naelewa yalikotoka: katika Kizungu neno linalohusu mwanga linafanana na neno linalohusu jicho, na mtu akakamata upande wa jicho. Lakini hakuna jicho linalofanya kazi kwenye sidii. Kinachosoma ni mwale wa leza unaoakisiwa kutoka kwenye vijishimo vidogo vilivyopangwa kwa mzunguko. Tena leza ya sidii ina urefu wa wimbi wa nanomita 780, mwanga ambao jicho la mtu haliuoni ila kwa shida. Kuiita diski ya macho ni kuisifia kwa kiungo kisichoiona!

Mtu atasema basi iwe "diski ya mwanga". Ningekubali, isipokuwa kwamba mwanga ni jina pia la mchawi, yule wa wingi wanga, na sitaki kufikiria wanafunzi wa mwambao watalifanyia nini darasani. "Nuru" nalo lina harufu ya ibada. Kwa kifaa chenyewe napendekeza "diski ya leza". Kwa fani kwa jumla, "uhifadhi kwa mwanga" hauna tatizo, kwa kuwa hapo hakuna atakayemdhania mtu. Na neno leza linabeba hadithi nzima ya msongamano upande huo: sidii iliyotoka 1982 ilitumia nanomita 780, dividii ikashuka hadi 650, Blu-ray, diski iliyofuata dividii, ikafika 405, yaani leza ya buluu inayokaribia urujuani. Wimbi likiwa fupi, doa la mwanga huwa dogo na mistari ya data hukaribiana, kutoka mikromita 1.6 kwenye sidii hadi 0.32 kwenye Blu-ray. Sahani ni zilezile kwa upana, sentimita 12.

Tahadhari moja kabla hujaendelea na tafsiri. Utakutana na vifaa vinavyotumia leza na sumaku pamoja, na utashawishika kuviita vyote "diski za sumaku na mwanga". Tazama kwanza kila kimoja kinasomwaje. MiniDisc, diski ndogo ya muziki ya Sony ya mwaka 1992, ile ya kurekodia, iliandikwa kwa leza na sumaku, na ikasomwa kwa mwanga: hiyo inastahili jina la pamoja. Diski mpya za kampuni ya Seagate nazo zina leza, ila kazi yake ni kupasha joto kidoa kidogo, kwa muda usiofika nanosekunde moja, ili chembe ngumu za chuma na platini zikubali kugeuzwa. Kusoma kunabaki kwa kichwa cha sumaku. Hiyo iite "diski ya sumaku inayoandikwa kwa msaada wa joto". Ni ndefu, najua, lakini haidanganyi.

Kichwa cha makala yenu, basi, ningekiandika hivi: "Utafiti wa uhifadhi wa data kwa msongamano mkubwa: njia ya sumaku na njia ya mwanga". Nimeacha "teknolojia" makusudi. Mhariri akiidai, iweke baada ya "utafiti wa", na ile "yenye" msiirudishe.