Kompaila Inapomaliza Kumbukumbu ya Kompyuta: Maswali na Majibu

Kompyuta yangu ya mkononi ina kumbukumbu ya GB 8. Kila ninapojenga mradi wetu wa C++, kazi hukatika katikati na ninaambiwa kwamba cc1plus imeuawa. Je, niende Kariakoo nikaongeze kumbukumbu, au kompaila ni mbovu? (Msomaji, Ubungo)

Usifungue pochi kwanza. cc1plus ni sehemu ya GCC, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), inayoshughulikia C++. Kwa kawaida anayeua ni kaneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, ambayo kumbukumbu inapokwisha huchagua mchakato mmoja na kuuzima. Amri ya dmesg itakuonyesha kama ndivyo ilivyokuwa. Mara nyingi chanzo ni make, programu inayoendesha ujenzi, ikipewa -j isiyofuatwa na namba, kwa sababu hapo make huanzisha kazi zote zilizo tayari kwa pamoja, bila kikomo. Jenga upya kwa -j1, yaani kazi moja kwa wakati mmoja. Mradi ukifika mwisho, tatizo lilikuwa wingi wa mafaili kwa wakati mmoja, si faili lolote peke yake. Ukikatika tena, litafute faili husika na ulipime kwa /usr/bin/time -v, ukisoma mstari wa Maximum resident set size, ambao hutolewa kwa kilobaiti. Angalia, lakini, kwamba ukiipima make yenyewe, namba hiyo ni ya mchakato mmoja uliokuwa mkubwa kuliko yote, wala si jumla yao, na wengi hupotoka hapo.

Tuna faili moja linalotungwa na programu nyingine. Kwa -O0 linapita bila shida, lakini kwa -O2 linameza kumbukumbu yote. Kwa nini? (Mhandisi, Kigamboni)

Vigezo hivyo huiambia kompaila iboreshe msimbo kwa kiasi gani: -O0 huchambua kidogo mno, ilhali -O2 hulazimika kujua, katika kila sehemu ya funksheni, ni thamani zipi zitakazohitajika mbele. Funksheni zinazoandikwa kwa mkono huwa fupi, hivyo gharama hiyo haionekani. Zinazotungwa na programu huweza kuwa na maelfu ya mistari, na hapo hesabu huharibika. Chukua ugawaji wa rejista, yaani nafasi chache za haraka zilizo ndani ya prosesa: kompaila inahitaji kujua ni thamani zipi haziwezi kushiriki rejista moja kwa kuwa zote zingali zikihitajika. Kama ingetunza biti moja kwa kila jozi, thamani 100,000 zingekuwa na jozi karibu bilioni 5, yaani takriban MB 625 kwa jedwali hilo tu, na thamani zikiongezeka mara mbili, jedwali hukua mara nne. Mbio hizo huzishindi kwa kununua kumbukumbu.

Anza na -ftime-report ya GCC, inayoorodhesha kila hatua, muda wake na kumbukumbu iliyotengwa. Usiichukulie safu hiyo ya kumbukumbu kuwa hesabu kamili, kwani huhusu sehemu inayosimamiwa na mkusanya taka wa kompaila (sehemu inayoachilia kumbukumbu isiyohitajika tena), na baadhi ya majedwali ya uchambuzi hukaa nje yake. Ripoti ikiwa ndogo huku kipimo cha time kikiwa kikubwa, yashuku hayo. Dawa ya kweli ni kuirekebisha programu tungaji itoe data ndani ya jedwali badala ya maelfu ya amri, au kuigawa funksheni. Kulikompaili faili hilo peke yake kwa -O1 ni suluhisho la muda, nami sioni aibu ndani yake.

Je, -g, inayoongeza taarifa za kutafutia hitilafu, nayo huongeza matumizi ya kumbukumbu? (Mwanafunzi, Kijitonyama)

Ndiyo, hasa ikiambatana na -O2, kwa kuwa GCC hufuatilia mahali kila kigeu kilipo. Linganisha kwa kuongeza -fno-var-tracking.

Mafaili yote yanapita salama, lakini tukiwasha -flto, hatua ya kuunganisha inaielemea mashine. (Timu ndogo, Mbezi Beach)

Kigezo hicho huahirisha sehemu kubwa ya uboreshaji hadi wakati wa kuunganisha. GCC huigawa programu katika vipande na inaweza kuvishughulikia sambamba, hivyo -flto=1, inayovishughulikia kimoja kimoja, hupunguza kilele cha kumbukumbu kwa gharama ya muda. Wanaotumia Clang, kompaila nyingine, wajaribu -flto=thin, ambayo hutegemea muhtasari wa kila faili badala ya kupakia msimbo wote pamoja.

Toleo jipya la kompaila linatumia kumbukumbu nyingi mno kuliko la zamani, kwa faili na vigezo vile vile. Tuwapelekee wasanidi wake nini? (Msomaji, Sinza)

Pelekeni faili lililotolewa kwa -E (yaani msimbo uliokwisha kuchakatwa awali, kabla ya kukompailiwa), towe la gcc -v, vigezo vyote, na vipimo vya matoleo yote mawili. Msimbo wa mwajiri usitoke bila idhini; programu ya C-Vise hulipunguza faili hatua kwa hatua maadamu sharti mlilolitunga linatimia. Sharti liwe na pande mbili: chini ya kikomo kile kile cha kumbukumbu kilichowekwa kwa amri ya ulimit -v, toleo la zamani limalize kazi na jipya liishiwe kumbukumbu. Mkiuacha upande wa kwanza, huenda mkabaki na faili ambalo matoleo yote mawili hushindwa nalo.